Mafuta ya Tumbo Hayalali: Jinsi Unene Unavyowasha Moto Ndani ya Mwili

(Haya ni mazungumzo ya muuguzi wa afya ya jamii katika semina ya siku moja ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tunayachapa kwa ajili ya vikundi ambavyo havikupata nafasi ya kuja. Msomeane katika mkutano wenu. Maswali ya kujadili yako mwishoni.)



Nimeombwa nizungumze juu ya chakula chenye mafuta mengi na unene. Najua wengine wenu mmetazamana. Tumezoea semina za watoto waliokosa chakula, za maji safi, za malaria. Sasa huyu naye anakuja kutuambia habari ya kunenepa? Huo si ugonjwa wa watu wa mjini wenye magari?

Basi nianze na hesabu. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi wa magonjwa yasiyoambukiza nchi nzima. Katika kila watu wazima 100, watu 27 hivi walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanawake peke yao walikuwa zaidi ya 38. Ulipofanywa uchunguzi wa afya na idadi ya watu mwaka 2022, wanawake wa miaka 20 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa 45 katika kila 100. Mnaona mahali tunapoelekea. Hapa tulipo tuko akina mama wengi, na kila mmoja ajihesabie mwenyewe kimyakimya.

Kwa nini hatuoni hatari

Tuseme ukweli. Kwetu unene ni sifa. Bibi arusi akinenepa baada ya kuolewa, watu husema anatunzwa vizuri. Mzee akiwa na kitambi, husemwa ana pesa. Na katika miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa ukimaliza watu bila dawa, kukonda kulikuwa ni kama kutangaziwa kifo. Mtu akipungua kidogo tu, majirani walianza kunong'ona. Hofu hiyo bado imo ndani yetu. Mama akianza kupunguza uzito, shemeji humwuliza, "Una shida gani? Mbona umeisha hivi?" Naye anarudi kwenye chapati apate kunyamazisha maneno.

Kwa hivyo sikuja hapa kucheka mtu mnene. Mwili si kosa la kuchekwa. Wengine wamezaliwa katika jamii za watu wanene, na wengine wamefika hapo polepole, bila kujua. Nimekuja kueleza jambo moja tu, ambalo wengi hatukufundishwa shuleni: mafuta yaliyojaa tumboni hayakai kimya. Hayalali. Yanafanya kazi usiku na mchana, na kazi yenyewe ni kuwasha moto ndani ya mwili.

Moto mzuri na moto mbaya

Ukikatwa na panga shambani, mahali pale panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba na kuuma. Hilo si jambo baya. Ni askari wa mwili, yaani seli nyeupe za damu, wamekimbilia pale kupigana na vijidudu na kusafisha kidonda. Wanatoa kemikali zao za vita, wanaita wenzao, na kazi ikiisha wanaondoka. Baada ya siku chache kidonda kinafunga. Hali hiyo madaktari huiita inflamesheni. Sisi leo tuiite moto wa mwili. Bila moto huo tungekufa kwa mwiba mmoja tu.

Lakini kuna moto mwingine. Mnajua jinsi tunavyofunika makaa kwa jivu usiku ili asubuhi tusitafute kiberiti. Ukitazama, huoni moto. Ukitia mkono, unaungua. Moto wa unene ni wa namna hiyo. Hauleti homa, hauleti wekundu, hauumi. Ni mdogo, lakini hauzimiki. Unakaa mwaka, miaka mitano, miaka kumi, ukiunguza mishipa ya damu, ini na viungo vingine. Siku unapojulikana, huwa ni kwa jina jingine: sukari, presha, kiharusi au mshtuko wa moyo.

Moto huu unatoka wapi?

Zamani hata madaktari walidhani mafuta ya mwili ni ghala tu, kama ghala letu la mahindi. Unaweka ukiwa nazo, unatoa ukipungukiwa. Mwaka 1993 wataalamu wa mji wa Boston kule Marekani waliwachunguza panya walionenepa sana. Waligundua kwamba mafuta ya panya hao yalikuwa yakitoa kemikali ya vita inayoitwa TNF, ile ile ambayo askari wa mwili huitoa wakipigana na vijidudu. Walipoizuia kemikali hiyo, insulini ya panya wale ilianza kufanya kazi vizuri zaidi. Mwaka 2003 wataalamu wengine wa Marekani walitazama ndani ya mafuta yenyewe, ya panya na ya watu. Kwa aliye mwembamba, askari hawakufika 10 katika kila seli 100. Kwa mtu mnene sana, walikaribia 40. Ghala lilikuwa limegeuka kambi ya jeshi.

Askari hao walifuata nini mahali pasipo na kidonda? Nitaeleza kwa njia rahisi.

Seli ya mafuta ni kama gunia. Ukila zaidi ya kile mwili unachotumia, ziada inatiwa guniani. Gunia linapanuka, linapanuka tena, mpaka hewa safi ya damu hailifikii vizuri. Mengine yanapasuka na kufa. Mwili ukiona seli zimekufa huwatuma askari wakasafishe. Askari wanakuja, wanazunguka seli iliyokufa, wanaila, na wakiwa kazini wanatoa kemikali zao. Lakini kwa sababu kesho tunajaza magunia mengine, kazi haiishi. Askari hawaondoki. Vita inaendelea pasipo na adui.

Mafuta ya mahali gani ni mabaya zaidi? Si yale ya mapaja na makalio. Ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka utumbo na ini. Damu inayotoka huko huenda moja kwa moja kwenye ini, ikibeba mafuta na kemikali hizo. Ini nalo linaanza kujaa mafuta na kutoa kemikali zake. Ndiyo sababu mtu mwenye mikono myembamba na kitambi kikubwa asijisifu kwamba yeye si mnene.

Kuna na njia ya pili, nayo inapitia utumbo. Ndani ya utumbo wetu kuna bakteria wengi mno, na wengi wao ni marafiki. Ukuta wa utumbo huwazuia wasiingie kwenye damu. Mwaka 2007 watafiti wa Ubelgiji na Ufaransa walilisha panya chakula chenye mafuta mengi kwa wiki nne. Vipande vya bakteria vilivyoonekana kwenye damu yao viliongezeka mara mbili hadi tatu. Damu ikikutana na vipande hivyo, askari huamka, wakidhani wamevamiwa. Kwa hivyo chakula cha mafuta mengi, kila siku, kinaweza kupuliza moto huu kwa upande wake, mbali na kunenepesha.

Moto huu unachoma nini?

Kwanza, *sukari*. Insulini ni kama mgeni anayepiga hodi kwenye mlango wa seli ili sukari iingie iwe nguvu. Kemikali za moto huu hufanya mlango uwe mzito kufunguka. Kongosho linatoa insulini nyingi zaidi, linabisha kwa nguvu, mpaka linachoka. Sukari inabaki kwenye damu. Hapo ndipo mtu anaanza kukojoa mara kwa mara, kuwa na kiu, na kidonda cha mguu kukataa kupona.

Pili, *moyo na mishipa*. Kuta za mishipa zikichomwa pole pole, lehemu inajishika hapo pamoja na askari wale wale. Mahali pale panakuwa kama jipu ndani ya mshipa. Likipasuka, damu inaganda na kuziba njia. Ikiwa ni mshipa wa moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ikiwa ni wa ubongo, ni kiharusi.

Tatu, *viungo*. Tunasema magoti yanauma kwa sababu ya kubeba uzito, na ni kweli. Lakini imeonekana pia kwamba watu wanene huumwa zaidi na viungo vya vidole vya mikono, na vidole havibebi mwili. Wataalamu wanaona kwamba kemikali za moto huu nazo zina sehemu yao.

Nne, *saratani*. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitaja aina 13 za saratani zinazohusiana na unene. Kati yake ni ya matiti kwa mama aliyekoma hedhi, ya mji wa mimba na ya utumbo mpana.

Na tano, *kikundi chenyewe*. Hii haiko kwenye vitabu vya udaktari, lakini ninyi mnaijua kuliko mimi. Mwanachama akipata kiharusi, pesa za mzunguko husimama. Mkopo wa mbuzi unageuka mkopo wa hospitali. Msichana anaacha shule amwangalie mama. Sukari haitibiwi wiki moja ikaisha. Ni dawa za maisha. Tunachangishana kumzika mtu ambaye tungeweza kumsaidia miaka kumi iliyopita kwa kubadilisha sufuria tu.

Mafuta si adui

Msirudi nyumbani mkamwage mafuta yote. Mwili unayahitaji. Sukuma wiki, mchicha na karoti zisipopata mafuta kidogo, vitamini A yake hatuipati vizuri. Mtoto mdogo anahitaji mafuta ili akue, na mtoto aliyekonda anayahitaji zaidi. Sheria ninazotoa leo ni za watu wazima.

Tena mafuta hayafanani. Mafuta ya maji kama ya alizeti, na yale yaliyo ndani ya parachichi, njugu, omena na samaki wengine, ni bora kwa moyo kuliko shahamu ya nyama na mafuta yanayoganda kwenye mkebe. Lakini hata mafuta mazuri hunenepesha yakizidi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4. Ndiyo maana viazi vya kuchemsha na chipsi ni viazi vile vile, lakini si chakula kile kile.

Na sitaki kusingizia mafuta peke yake. Soda, chai ya sukari vijiko vinne, mkate mweupe na mlima wa ugali pia hujaza yale magunia. Ila mafuta ndiyo yanayojificha. Huyaoni ndani ya mandazi.

Kamba ya kujipima

Sasa kazi ya mikono. Kila mtu achukue kamba isiyovutika. Mwenzako akupime urefu kutoka kisigino hadi utosini, bila viatu, mkate kamba hapo. Ikunje mara mbili. Sasa izungushe tumboni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Usivute tumbo ndani, hakuna anayekupiga picha.

Kamba iliyokunjwa ikizunguka na ncha zikakutana, ni vizuri. Isipofika, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, na huenda makaa yanawaka chini ya jivu. Kipimo hiki si cha mama mjamzito wala mtoto mdogo. Na hakitangazwi. Kila mtu na kamba yake, aiweke kabatini, ajipime tena baada ya miezi mitatu.

Ambaye kamba haikutosha aende apimwe presha na sukari. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii walianza kupewa mikoba ya kazi yenye vifaa vya kupima presha na sukari. Mwulizeni wa kijiji chenu. Kama hana, nendeni zahanati.

Chupa ya mafuta

Ukifungua lita moja ya mafuta ya kupikia, andika tarehe kwenye chupa. Lita moja ni kama vijiko vya mezani 66. Nyumba ya watu watano ikitumia lita moja kwa wiki nzima, kila mtu anapata karibu vijiko viwili kwa siku. Hiyo ni kadiri nzuri. Lita ile ile ikiisha kwa siku tatu, kila mmoja anakula zaidi ya vijiko vinne, yaani kalori zaidi ya 500 za mafuta ya chupa peke yake. Kwa mama anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, hiyo ni robo ya chakula chake chote, kabla hajagusa ugali. Anayenunua mafuta ya kupimiwa dukani aandike kila alichopima. Atashangaa, na ataokoa pesa.

Pimeni kwa kijiko, msimimine kutoka kwenye mtungi. Chemsheni kwanza, kaangeni baadaye kidogo. Githeri, maharagwe, ndengu, viazi vitamu, nduma na mboga za kienyeji ni chakula cha kujivunia. Nyuzinyuzi zilizomo hulisha wale bakteria marafiki wa utumbo. Mafuta yaliyokaangia mara nyingi mpaka yakawa meusi yamwagwe.

Na miguu ifanye kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi au kazi ya kutoa jasho. Anayelima na kuteka maji amefika. Anayekaa dukani na kupanda boda boda hata kwenda kwa jirani hajafika.

Je, inasaidia? Mwaka 2002 Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 3,200 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari. Kundi moja lilishauriwa kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kutembea zile dakika 150. Kwa karibu miaka mitatu, wagonjwa wapya katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58 kuliko walioachwa bila msaada huo. Mama wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu tu. Hakuna aliyeambiwa arudi kuwa kama alivyokuwa akiwa msichana. Uzito ukipungua, moto nao hupungua. Haba na haba.

Baadhi ya maswali yaliyoulizwa

*Kama ni moto, kwa nini nisimeze vidonge vya maumivu?* Hapana, mama. Vidonge hivyo havikutengenezwa kwa moto huu, na ukivimeza kila siku vinaweza kukutoboa tumbo na kuharibu figo. Hata wale wanaouza unga wa kuyeyusha kitambi sokoni, pesa zako ziweke kwenye kikundi.

*Jirani yangu ni mwembamba na ana sukari. Je?* Inawezekana. Unene ni njia moja kubwa, si njia pekee. Kuna kurithi, kuna umri, na kuna sukari inayowapata hata watoto wembamba. Kwa hivyo kupimwa ni kwa wote.

*Mume wangu hataki chakula kisicho na mafuta.* Mpunguzie kidogo kidogo. Tia kitunguu, nyanya, dania, tangawizi. Usimtangazie. Baada ya mwezi, mpe ile kamba ajipime mwenyewe.

Ya kujadili katika kikundi

1. Katika mikutano yetu tunakunywa chai na nini? Mandazi yanaweza kubadilishwa na nduma, viazi vitamu, mahindi ya kuchemsha au ndizi? Nani analima?

2. Kila mmoja aandike tarehe kwenye chupa yake ya mafuta leo. Katika mkutano ujao tuulizane ilikaa siku ngapi.

3. Mwanachama akipungua uzito kwa hiari, tutamwambia nini, na wanaonong'ona tutawajibu nini?

4. Mwaka uliopita kikundi chetu kilichanga pesa ngapi kwa magonjwa ya sukari, presha na kiharusi? Mweka hazina afungue kitabu, asome hesabu hiyo mbele ya wote.

5. Tumwalike lini mhudumu wa afya ya jamii atupime sote kwa siku moja?